Kabla Hujamkatia Jirani Chipukizi la Sukuma

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kitale alinitumia picha. Machipukizi sita ya sukuma aliyopewa na jirani yake, yote yamelala chini. "Dada, nimekosea wapi? Namwagilia maji kila siku." Nikaikuza ile picha kwenye simu mpaka nikaliona jani moja la chini. Ukingoni mwake palikuwa na doa la manjano lenye umbo la V, ncha ikielekea katikati ya jani, na vishipa vilivyo ndani ya doa vimegeuka vyeusi: dalili za ugonjwa uliokuja na machipukizi yenyewe.

Yeye hakukosea. Aliyekosea ni aliyempa, na mwaka 2019 aliyewapa watu ugonjwa huo nilikuwa mimi.

Nianze na mama mkwe, maana bila yeye nisingekuwa na la kusimulia. Nilipoolewa mwaka 2012 na kuhamia Limuru, alishuka kutoka Kinale na kiondo kimoja. Ndani mlikuwa na machipukizi manane yamefungwa kwa gazeti lililoloweshwa. Akaniambia, "Hii haiishi, mwanangu. Ukiona imeisha, ujue ni wewe umeichoka." Wengi wetu tumezoea kununua mbegu, kuchuma kwa miezi kadhaa, sukuma inachanua maua, tunang'oa, tunarudi dukani. Baridi ndiyo huiamsha sukuma ikatoa maua, na sisi wa Limuru baridi hatuikosi. Lakini ile ya Kinale haina haraka ya kuchanua. Wakulima wa kule waliichagua wenyewe, wakaitunza miaka mingi, mama akimpa binti na jirani akimpa jirani.

Mwaka wa tatu mashina yangu yalikuwa yamenipita kimo. Shina lilikuwa nene kama kifundo cha mkono, limejaa makovu ya majani niliyochuma tangu chini, na kileleni kijani kibichi kama limepandwa jana. Nilisoma baadaye kwamba kwenye kisiwa cha Jersey, kati ya Uingereza na Ufaransa, kuna sukuma ndefu kiasi kwamba shina lake hukaushwa likawa fimbo ya kutembelea. Mimi sikushangaa. Nilikuwa nayo nyuma ya jiko.

Nilijivunia sukuma ile, na bado najivunia. Wageni walipokuja niliwapeleka shambani kabla ya kuwapa chai. Kila aliyeomba nilimkatia. Mwalimu wa watoto, mama wa duka, dada mmoja tuliyesali naye ambaye mwaka 2016 alihamia Naivasha na machipukizi matatu kwenye mfuko wa unga. Sikuwahi kumtoza mtu hata shilingi. Mtu akija kwangu na ugali wake, mboga ipo.

Mama mkwe alifariki mwaka 2017. Shamba lake likagawanywa, likajengwa.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Mvua ya masika ya 2019, chama chetu kilikuwa kinakutana kwangu. Nilikuwa nimewaahidi wenzangu kumi na watatu machipukizi mawili kila mmoja. Asubuhi yake nikaingia shambani na panga, na nikayaona yale madoa ya manjano kwenye majani ya chini ya mashina mawili. Niliyaona. Nikajiambia ni baridi imeyachoma, nikayapogoa majani hayo, nikayatupa kando, nikaendelea kukata. Shina kwa shina, panga lile lile, bila hata kulipangusa. Machipukizi ishirini na sita nikayapanga kwenye beseni, yakapendeza, watu wakanishukuru na kuniimbia.

Ugonjwa ule ni wa bakteria, wengi huuita kuoza kweusi. Husafiri ndani ya mbegu, hurushwa na matone ya mvua kutoka jani hadi jani, na hupanda juu ya kisu na mikono yetu. Ukilikata shina lililougua utaona duara jeusi ndani, kama mtu amelichora kwa kalamu. Hauna dawa ya kuuponya. Na haubagui: sukuma, kabichi, koliflawa, zote ni ukoo mmoja, zote huambukizwa.

Mmoja wetu alikuwa amepanda yale mawili pembeni mwa kabichi zake. Zile kabichi zilikuwa karo ya mtoto wa kidato cha kwanza. Kufikia Agosti zilikuwa zinanuka. Akasimama mbele ya chama akasema, "Ulituletea ugonjwa kwa mkono wa urafiki." Nikajitetea. Nikasema ni mvua, ni mbegu zake za kabichi, ni udongo wake. Hakuna aliyenitetea, na uchungu huo ningali nao, kwa sababu wote walikuwa wamekula kwangu miaka saba. Lakini nilijua nilichokiona asubuhi ile, na sikusema.

Nikang'oa zote. Nikazichoma na mizizi yake. Miaka mitatu sikupanda chochote cha ukoo wa kabichi pale. Nilipanda viazi, maharagwe, vitunguu, na nilinunua sukuma sokoni kama mtu mwingine yeyote. Mwaka 2022 nikasafiri kwa matatu hadi Naivasha. Yule dada alikuwa bado nayo, mashina kumi na moja mabichi kando ya tangi la maji. Nilikaa chini nikalia, naye akadhani nina msiba. Nikarudi na matano.

Kwa hiyo nisikilizeni, ninyi mnaotaka sukuma isiyokauka mlangoni, na najua ni wengi. Mwangalie mama, yaani shina unalolikatia, kabla hujamkata mtoto. Geuza majani ya chini, tazama kingo zake. Ukiona V ya manjano, acha. Ukiona jani lina mabaka ya kijani kilichopauka na kijani kibichi, limejikunja, na vidukari wamejaa chini yake, acha pia, huenda ni virusi, na virusi navyo havitibiki. Chovya kisu kwenye maji yanayochemka kila unapohama shina moja kwenda jingine. Kila shina, si kila safu.

Chipukizi lenyewe ni lile linalotoka ubavuni mwa shina, urefu wa kalamu hivi. Likate karibu kabisa na shina, ondoa majani ya chini, bakisha mawili au matatu madogo ya juu, maana majani mengi hunywa maji ambayo mizizi haipo kuyaleta. Panda jioni, nusu yake ndani ya udongo, uliwekee kivuli. Udongo uwe na unyevu tu, usiwe tope. Wiki tatu hivi livute taratibu; likikataa kutoka, limeshika.

Na umwangalie mama. Narudia kwa sababu hapo ndipo sote tunapopita haraka. Tunapenda kushukuriwa, tunapenda beseni lililojaa, na mtu akituomba tunaona aibu kusema "ngoja, yangu inaumwa." Sema. Mwambie arudi mwakani. Usimpe mtu kitu ambacho usingekiweka karibu na kabichi zako mwenyewe. Na kama ulishampa kisha ukagundua, nenda kwake siku hiyo hiyo umwambie ang'oe, kabla hajapoteza shamba zima kwa kukustahi. Mimi nilikuwa na wiki kadhaa za kufanya hivyo. Kufika kwa yule mwenye kabichi ni dakika ishirini kwa miguu.

Dada wa Kitale, ng'oa hayo sita, yachome, nikutafutie mengine.

Yale matano ya Naivasha sasa ni mashina ishirini na mawili. Nimeyakagua leo asubuhi, jani kwa jani, hayana doa. Jumamosi nitakata machipukizi kumi na mawili. Sita yatasafiri kwa matatu ya Kitale. Sita ni ya yule mama wa kabichi. Nimemtumia ujumbe tangu Jumatatu, nimemweleza yote, hata yale majani niliyoyapogoa nikanyamaza. Ameusoma, hajajibu. Nitayakata hivyo hivyo.