Bakteria hawali urani
Umeuliza kama ni kweli kuna bakteria wanaokula urani mpaka ikaisha. Hapana, ndugu yangu. Urani ni elementi, hakuna kiumbe kinachoweza kuimaliza. Wanachofanya bakteria ni kuipa elektroni, zile chembe ndogo mno zenye chaji hasi. Sisi tukila, elektroni za chakula huishia kwenye oksijeni tunayovuta. Bakteria waitwao Geobacter huishi kwenye matope yasiyo na hewa, kwa hiyo zake huzisukumia kwenye chuma, na urani ikiwepo, nayo hupata. Urani yenye chaji ya +6 huyeyuka na kusafiri na maji. Ikipokea elektroni mbili inakuwa +4, haiyeyuki tena, inabaki kwenye mchanga.

Hili limejaribiwa ardhini kabisa, si maabara tu. Pale Rifle, Colorado, palipokuwa na kiwanda cha kuchakata urani, mwaka 2002 watafiti waliingiza asetati (chumvi ya asidi iliyomo kwenye siki) chini ya ardhi. Geobacter wakaongezeka, urani majini ikashuka. Baadaye bakteria wengine, wanaotumia salfeti (chumvi yenye salfa) badala ya chuma, walishika nafasi na urani ikaanza kupanda. Mimi hapo ndipo panaponitia wasiwasi: oksijeni nayo ikirudi, urani ile ile huyeyuka upya.