Kabla Hujachora Nyumba ya Uani

Mteja anayetaka kujenga nyumba ndogo ya pili kwenye kiwanja chake, iwe ya wazazi, ya mtoto aliyeoa au ya kupangisha, huja na picha ya nyumba. Ipokee, iweke kando, kisha omba hati ya kiwanja na ramani ya upimaji. Nimechora nyumba za uani kwa miaka mingi, na michoro mingi niliyoiona ikirudishwa iliharibika kabla penseli haijagusa karatasi. Mchoraji hakujua kiwanja kimebakiza nini.

Nasema kubakiza kwa sababu nyumba ya pili inakula mabaki ya nyumba ya kwanza. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Tuseme kanuni za eneo hilo zinaruhusu majengo yafunike asilimia 40. Hizo ni mita za mraba 240. Nyumba kubwa imechukua 170, gereji 28, baraza lenye paa 14. Jumla 212. Zimebaki 28, na mteja anataka vyumba viwili na sebule. Ua anauona mpana, watoto wanacheza mpira, lakini kwa kanuni umeshajaa. Hapo ndipo kazi yako inapoanza: je, kimo kinaruhusu ghorofa juu ya gereji? Gereji yenyewe inaweza kugeuzwa makazi? Nyumba kubwa inaweza kugawanywa? Mweleze siku ya kwanza. Ataumia, ila si kama atakavyoumia msingi ukishamwagwa zege.

Na soma tafsiri ya maneno mwanzoni mwa kanuni. Wapo wanaohesabu baraza lenye paa, wapo wasiolihesabu. Katika mfano wetu hizo ni mita za mraba 14, chumba kizima.

Umbali ambao kanuni zinataka nyumba ikae kutoka mpakani upime kuanzia kwenye jiwe la mpaka, usipime kuanzia kwenye ukuta wa uzio. Kazi yangu moja ya mwanzoni ilirudishwa kwa kosa hilo: uzio ulikuwa umejengwa nje ya mpaka halisi, nami niliuamini kwa macho. Mwenye nyumba alilipa mpima ardhi, akanilipa mimi tena kuchora upya, na bado najuta fedha ile. Angalia pia kama umbali unaishia ukutani au kwenye ncha ya paa.

Jambo linalowaponza wageni wengi ni jiko. Sehemu nyingi, chumba cha uani chenye kitanda na bafu bado ni sehemu ya nyumba kubwa. Ukiweka jiko na mlango wake wa kuingilia, kimekuwa makazi ya pili, na masharti mengine yote yanakiangukia: maegesho, maji taka, ada, wakati mwingine sharti kwamba mwenye nyumba aishi hapohapo. Utaombwa uandike "stoo" kwenye mchoro ili kibali kitoke, kisha jiko liwekwe baadaye. Kataa. Jengo lililopewa kibali cha stoo likikaliwa na watu, mwenye nyumba anaweza kuamriwa kulirudisha lilivyokuwa, bima inaweza kugoma kulipa likiungua, na siku ya kuuza mnunuzi atauliza karatasi. Tena vipo vipimo vya dirisha, hewa na njia ya kutokea moto vinavyomlinda anayelala ndani, na stoo haina hata kimoja.

Usihamishe namba kutoka sehemu moja kwenda nyingine. California, Marekani, mamlaka za mitaa haziruhusiwi kudai zaidi ya futi 4 kutoka mpaka wa pembeni na wa nyuma kwa nyumba za aina hii, na ombi lililokamilika hujibiwa ndani ya siku 60. New South Wales, Australia, njia ya idhini ya haraka inataka kiwanja kisichopungua mita za mraba 450, na nyumba ya pili kwa kawaida isizidi 60. Zote mbili zimeandikwa kisheria, na hakuna inayokusaidia kama kiwanja chako hakiko huko.

Idhini ya matumizi ya ardhi na kibali cha ujenzi ni milango miwili. Wa tatu husahaulika: masharti ya hati yenyewe. Mipango miji inaweza kuruhusu nyumba mbili huku hati ikitaja moja tu, au kukiwa na njia ya bomba chini ya ua isiyoruhusiwa kujengwa juu yake. Kama hakuna bomba la maji taka la umma, tafuta tangi na shimo vilipo kabla ya kuchagua pa kuweka nyumba.

Ukimaliza hayo, nenda kwa afisa mipango miji na mchoro mwepesi wa kiwanja tu, wenye vipimo, bila sura ya nyumba. Uliza kama mabaki uliyokokotoa ni sahihi. Jibu liombe kwa maandishi, lenye namba ya kiwanja na tarehe, kisha ndipo uirudie ile picha ya mteja.