Mzee akisema amechoka

Wiki iliyopita nilisimama mlangoni pa chumba cha tredmili, mashine ya kutembelea tunayopimia moyo, nikamsikia intani akimhimiza mgonjwa: "Kaza, mama, kaza, bado kidogo tu!" Macho yake yote yako kwenye skrini. Mama ameshikilia chuma cha mashine hadi vidole vimepauka. Niliingia nikabonyeza kitufe cha kusimamisha mwenyewe. Jamani, nawapenda, lakini hili tulishalizungumza. Someni kabla ya zamu ya Jumatatu.

1. Sikiliza kifua kabla ya kubandika elektrodi, vile vibandiko vya kusoma umeme wa moyo, hata foleni ikifika kwenye lifti.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika hospitali nyingine hapa Nairobi, aliletwa mzee wa miaka 64. Fomu ilisema anaumwa kifua akipanda mlima, basi. Stethoskopu ilikuwa shingoni mwangu na huko ikabaki, maana benchi lilikuwa limejaa. Nikampandisha, Bruce kamili, yaani utaratibu wa kuongeza kasi na mwinuko hatua kwa hatua. Kikomo cha mapigo kwa umri wake, 220 toa 64, ni 156 kwa dakika, asilimia 85 yake, shabaha yetu, ni 133, na hiyo 133 ndiyo niliyoikodolea macho. Hatua ya kwanza, presha ya juu 162. Hatua ya pili, mwinuko asilimia 12, nikapata 138. Nikajiambia kafu, ule mkanda wa kupimia presha mkononi, imelegea, nikaikaza. Mzee akasema kwa upole, "Mwanangu, nimechoka sasa." Mapigo yalikuwa 128. Nikamjibu, "Dakika moja tu, mzee wangu." Hakubisha, wazee wengi hawabishani na koti jeupe. Aliendelea kutembea akiniangalia, jasho limemtanda juu ya mdomo, kisha magoti yakamlegea polepole kama mtu anayepiga magoti kanisani. Nilimdaka kwapani mkanda ukiwa bado unazunguka, na kiatu chake kimoja kikarushwa nyuma hadi ukutani.

Tulimlaza, tukamwinua miguu, akazinduka. Daktari wa zamu aliweka stethoskopu juu ya kifua, upande wa kulia wa kidari, kwa sekunde chache tu, akanipa nisikilize. Mvumo mkali, unapanda hadi shingoni. Eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ikathibitisha: vali ya aota, mlango wa damu inayotoka moyoni, imebana vibaya. Mwenye hali hiyo na dalili zake hapandishwi tredmili kabisa. Nilimwomba msamaha pale kitandani. Akanishika mkono, akaniuliza kama nimekula mchana.

2. Presha ikishuka wakati mwinuko unapanda, rudia kupima papo hapo. Ikiwa kweli imeshuka zaidi ya 10 na mgonjwa ana dalili, simamisha.

3. Mgonjwa akisema basi, ni basi. Asilimia 85 si alama ya kufaulu mtihani. Anayemeza atenolol, dawa inayopunguza mapigo, huenda asiifikie hata akitembea hadi Thika, kwa hiyo uliza dawa na uziandike.

4. Kipimo cha kutembea dakika sita, tuone anafika umbali gani: korido ya mita 30 ipimwe kwa utepe, si kwa kuhesabu vigae. Mgonjwa akipumzika, saa haisimami. Usitembee naye bega kwa bega, utampangia mwendo. Mmoja wenu alimsindikiza nyanya kutoka Githurai wakipiga soga hadi koni ya mwisho, habari za ng'ombe na wajukuu. Nyanya alifurahi sana, na kipimo tukakirudia siku nyingine, kwa nauli yake mwenyewe. Hilo la nauli liliniuma.

5. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Oksimita, kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni, ikisoma chini kidogo kuliko ingesoma Mombasa, usishtuke. Andika namba kabla hajaanza, kisha angalia inavyoshuka akitembea.

6. Uliza amekula nini na saa ngapi. Wengine hutoka nyumbani saa kumi alfajiri tumbo tupu, wakidhani ni kama kupimwa sukari.

7. Viatu. Kabatini, rafu ya chini, nimeweka jozi tatu za raba, namba 6, 8 na 10. Akija na ndala, mvalishe, na kamba mfunge wewe mwenyewe. Ukiinama hapo, bonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba uone kama kinabaki na shimo, dalili ya kuvimba kwa maji.