Leza ya angani inajuaje kaboni ya msitu?

Swali: Habari mwalimu, niko kwa chama cha msitu huku Shinyalu. Tumeambiwa ndege itapita juu ya msitu wa Kakamega ipime kaboni kwa leza. Itajuaje na haijagusa mti hata mmoja? Na itahesabu pia mbega na hondohondo?

Jibu: Ndugu yangu, leza haioni kaboni, inapima muda tu. Chombo kinarusha miale maelfu na maelfu kila sekunde, mwale ukigonga jani la juu sehemu inarudi, inayobaki inapenya kwa mianya inagonga tawi la chini, ikibahatika inafika kwa udongo, na vile mwanga unakimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, ukijua umeenda na kurudi kwa muda gani unajua umbali. Toa kimo cha ardhi kwa kimo cha lile jani la juu, hapo una urefu wa mti.

Kaboni yenyewe inatoka kwa tepi. Lazima watu waingie msituni wapime ploti, yaani vipande vidogo vya msitu vya mfano, tepi izungushwe kwa shina mita 1.3 kutoka chini, na mti ukiwa na ile mizizi imesimama kama ukuta mnapima juu yake, la sivyo mtaandika mti mnene ambao haupo. Halafu muandike ni mti gani, manake elgon tiki na mutondo zinaweza kulingana urefu lakini mbao ya elgon tiki ni nzito zaidi kabisa. Kwa unene, urefu na aina ya mti unakadiria uzito mkavu, yaani uzito wa mti bila maji, na kama asilimia 47 ya huo ndio huhesabiwa kaboni. Ndio hizo ploti zinafundisha hesabu ya leza kwa msitu wote. Na msitumie GPS ya simu kuandika ploti iko wapi, nishaona ploti imehama mita kumi na kitu ikaangukia pengo la mti ulioanguka, hesabu yote ikaharibika.

Mbega haihesabu. Inachoonyesha ni ghorofa za msitu: shamba la mikaratusi miale mingi inarudi kutoka juu na chini, katikati karibu tupu, msitu wa asili inarudi kutoka kila ghorofa. Tangu utafiti wa mwanaikolojia MacArthur wa 1961 inajulikana majani yakipangana kwa ghorofa nyingi aina za ndege wa porini huongezeka. Lakini kujua hondohondo yuko, mtu aamke saa kumi na mbili asubuhi asikilize.

Kwa mkutano waulizeni: ploti ni ngapi, na nani kati yenu atashika tepi?