Resident Evil ya 2002: utamu wake uko wapi?

Mkuu, umeuliza watu wanaipendea nini filamu ya Resident Evil ya 2002 wakati hadithi ni nyepesi na Alice mwenyewe, mhusika mkuu, hayumo kwenye gemu ilikotoka. Nyepesi kweli, sibishi. Ila Alice kutokuwemo ndiko kulikoiokoa: anazinduka bafuni hajui hata yeye ni nani, na wewe uliyemaliza gemu hilo la 1996 la Capcom, kampuni ya magemu ya Japani, unabaki gizani naye, huwezi kubashiri nani atapona.

Halafu rudia ile korido ya leza, kikosi cha makomando kinaponaswa humo. Mwale unapita shingoni, watu wanadondoka. Kiongozi wa kikosi anaruka, anakwepa, unaanza kumshangilia. Mara mwale unageuka wavu wa miraba, hana pa kupenya. Anasimama wima kidogo, kisha anaporomoka vipande vipande. Na hapo zombi hajang'ata mtu bado! Capcom nao wakaja kuweka korido ya leza kwenye gemu lao la Resident Evil 4 la 2005.

Zombi wenyewe wa kawaida tu, ila wale mbwa waliochunika ngozi, duh! Ukiirudia weka spika za maana, maana muziki wa Marco Beltrami na Marilyn Manson ni nusu ya hofu.