Maswali ya Wasomaji: Mpenzi Asiyekufa na Fundi Cherehani wa Nkuhungu

SWALI: Shikamoo Mama Mhariri. Ninaandika riwaya yangu ya kwanza, inayohusu mnyonya damu wa miaka 200 asiyezeeka wala kufa, na Mwaja, fundi cherehani wa Nkuhungu hapa Dodoma, aliyependana naye akiwa na miaka 24. Wenzangu wanaosoma mswada wanataka mwishoni amng'ate Mwaja ili naye asife, waishi pamoja milele. Mimi nasita, lakini sina sababu ya kuwaeleza. Wananiuliza pia atastahimili vipi jua la Dodoma, na kama nimwite mumiani. Nimeambatanisha mswada. Naomba ushauri. (Msomaji wako, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jua lisikusumbue. Katika riwaya ya Dracula ya mwaka 1897, mnyonya damu hutembea mchana, ingawa nguvu zake hupungua. Kuuawa na mwanga wa jua ni jambo lililoenezwa na filamu bubu ya Kijerumani, Nosferatu, ya mwaka 1922. Basi hiyo ni kanuni ya watunzi, nawe ni mtunzi: amua mapema, kisha usiivunje. Jina la mumiani, hata hivyo, nakusihi uliache. Mumiani wa masimulizi yetu ni binadamu anayedaiwa kukamata watu na kuwatoa damu ili itengenezwe dawa, na tetesi zake zilienea sana Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Msomaji akilikuta jina hilo hatangoja mapenzi; atangoja mtu apotee.

Sasa tuje kwenye kusita kwako, ambako nakuunga mkono kwa moyo wote. Katika sura ya tatu, Mwaja anatunga uzi kwenye sindano ya cherehani bila hata kuitazama, huku akizungumza na mpenzi wake. Katika sura ya tisa, miaka 25 baadaye, anaulamba uzi mara mbili, anarudisha kichwa nyuma ili aone vizuri, uzi unapita kando ya tundu, kisha bila kusema neno anampa mumewe, naye anautunga mara moja kwa vidole vilevile vya siku ya kwanza. Niliusoma ukurasa huo mara tatu. Kinachowatenganisha wawili hawa si damu, ni muda, na umeuonyesha muda huo kwa uzi mmoja. Ukimfanya Mwaja asife kwa sababu tu wasomaji wanamhurumia, utakuwa umeifuta sindano ile. Wagiriki wa kale walisimulia jinsi Eos, mungu wa mapambazuko, alivyomwombea mpenzi wake Tithonus uhai wa milele akasahau kumwombea ujana, mtu yule akazidi kuchakaa bila kupata pa kupumzikia. Hadithi hiyo ingali inauma kwa sababu aliyeomba alikuwa anapenda kweli.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo sikubaliani nawe hata kidogo. Katika rasimu yako ya mwisho, mume anainama kumng'ata Mwaja akiwa amelala na homa, na umeandika kana kwamba huo ni upole. Mtu aliyeishi miaka 200, aliyekwisha kupenda na kuzika, anamzidi Mwaja kwa kila kitu anachokijua kuhusu uhai huo. Akimwamulia usingizini, hajampenda, amemmiliki. Mwamshe. Akabiliane na jambo hilo akiwa na akili timamu, akijua kwamba akikubali atawazika dada zake, watoto wao na wajukuu wao, na atahama mji kila majirani watakapoanza kushangaa.

Na majirani ndio uliowasahau. Katika mtaa ambao watu huamkiana kila asubuhi, mwanamume asiyezeeka hakai miaka 25 bila kuulizwa. Sura yake ni ya kijana wa miaka 30, kwa hiyo itambidi ampe shikamoo mzee wa miaka 70, ilhali babu wa mzee huyo alizaliwa yeye akiwa tayari mtu mzima. Mwaja naye, kadiri mvi zinavyotoka, ataanza kupewa shikamoo na vijana ambao mumewe wanamwita kaka. Lugha yetu inakupa hapo jambo ambalo watunzi wa Ulaya hawakuwa nalo, nawe umelipita bila kuliokota.

Kwa hiyo, kabla ya kuigusa sura ya mwisho, andika nyingine fupi. Jirani mpya anabisha hodi, ameleta gauni la kupunguzwa. Anamwamkia Mwaja shikamoo, anamtazama mwanamume aliyeketi karibu na cherehani akitunga uzi, kisha anauliza kwa heshima zote, "Mama, huyu ndiye mwanao wa mwisho?" Mwache Mwaja ajibu mwenyewe, usimsaidie. Jibu atakalompa jirani ndilo litakalokuonyesha kama anataka kung'atwa.