Mbona Ruaha Mkuu unapungua maji kadiri unavyoshuka?

Swali: Nafundisha jiografia sekondari wilayani Mbarali. Kitabu kinasema maji ya mto huongezeka kadiri unavyoelekea baharini, kwa kuwa matawi huuongezea. Wanafunzi wamenibishia: kiangazi Ruaha Mkuu una maji huku juu, lakini kule chini, katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ni mchanga mtupu. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wameona sawasawa, na kitabu nacho hakijakosea. Kilichosahaulika ni sharti: mto huongezeka pale tu unapopokea maji mengi kuliko unayopoteza.

Tuelewane kwanza tunapima nini. Si upana, wala kelele za maji kwenye mawe. Ni ujazo unaopita mahali pamoja kwa sekunde moja. Chukua kijito chenye upana wa mita 8 na kina cha wastani cha nusu mita: eneo la mkato ni mita 4 za mraba. Tupa chungwa katikati. Likienda mita 20 kwa sekunde 25, mwendo wa maji ya juu ni mita 0.8 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, maana maji ya chini na ya kingoni huenda polepole, utapata 0.68. Zidisha kwa 4: karibu mita za ujazo 2.7 kwa sekunde.

Sasa turudi kwenu Usangu, bonde la juu la Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu, Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera hutoka nyanda za juu, ambako mvua ni nyingi na ardhi huyaachia maji taratibu hata kiangazi. Mpaka hapo kitabu kinashinda, kila tawi linaongeza. Mito ikishafika tambarare mambo hubadilika. Mvua ni kidogo, jua kali, na kwenye mabanio, yaani vizuizi vya kuchepusha mto, maji huelekezwa mashambani, kwenye majaruba ya mpunga. Yanayobaki huingia Ihefu.

Ihefu ndiyo ninayotaka darasa lako lilielewe vizuri. Ni ardhi oevu, na mlango wake wa kutokea ni Ng'iriama, penye kizingiti cha mwamba. Maji yakiwa chini ya kizingiti hayatoki, hata kama mito bado inaingia upande wa juu. Piga hesabu: eneo la kilomita 100 za mraba likipoteza milimita 5 kwa siku kwa mvuke, ni mita za ujazo 500,000 kila siku, karibu 6 kwa sekunde. Maji yanayoingia yakiwa pungufu ya hapo, kina cha Ihefu hushuka mpaka chini ya mwamba, na mto unakatika. Mabanio yanapochota zaidi wakati wa kiangazi, siku hiyo hufika mapema. Hali hii ilianza kuonekana mwaka 1993 na imekuwa ikijirudia. Viboko hubanana kwenye madimbwi machache yaliyobaki, na inauma kuwatazama.

Masika nako Ihefu huchelewesha. Mafuriko hutandaa uwandani, kilele kikapungua, na maji yakaendelea kutoka Ng'iriama siku nyingi baada ya mvua kukatika.

Chini ya hifadhi mto hufufuka. Ruaha Mdogo unaingia kutoka Iringa kabla ya bwawa la Mtera, na matawi mengine kabla ya bwawa la Kidatu. Hata hivyo, ukilinganisha bonde zima la Rufiji, Ruaha Mkuu una karibu asilimia 47 ya eneo lakini huleta kama asilimia 15 tu ya maji. Kilombero, tawi jingine la Rufiji lenye asilimia 22 ya eneo, huleta takriban 62. Mimi ningeanza somo na takwimu hizi mbili kabla ya kuchora mchoro wowote wa mto ubaoni.

Kwa vitendo, wapeleke wanafunzi juu na chini ya banio moja, siku ileile, wakiwa na kamba, fimbo yenye alama na machungwa. Chagua pasipo na viboko wala mamba, na usiende wakati wa mafuriko. Pimeni na mfereji wenyewe, kisha mjumlishe mfereji na mto wa chini mwone kama vinafikia mto wa juu. Kituo cha chini kiwe karibu na banio, maana mbele zaidi sehemu ya maji ya majaruba hurudi mtoni na itawavurugia hesabu.